Densiti: kwa nini mafuta "mazito" huelea juu ya maji

Mchuzi wa sangara ukitulia sufuriani, mafuta hupanda juu na kufanya viduara vya rangi ya dhahabu. Mtoto akiuliza kwa nini, jibu la haraka ni "mafuta ni mepesi". Si kosa, ila linamwacha njia panda, kwa sababu Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Mzigo mzito ni ule unaolemea. Uji mzito ni ule usiomiminika upesi. Mafuta ya kupikia ni mazito kama uji, humiminika polepole kuliko maji, na bado yanaelea. Uzito huo wa uji hauamui nani akae chini.

Kinachoamua ni densiti, yaani tungamo la kitu (gramu zake) ukiligawa kwa ujazo wake. Jaza kikombe kilekile kwa vitu tofauti, kisha uliza kila kimoja kina gramu ngapi. Mililita 100 za maji zina gramu 100. Kiasi hichohicho cha mafuta ya alizeti kina gramu 92 hivi, na asali kama 140. Ndoo ya mafuta inalemea kuliko kijiko cha maji, lakini mimina kijiko hicho ndani ya ndoo uone: maji yatazama hadi chini.

Kwa jaribio la mezani, tafuta glasi nyembamba inayoonyesha, asali, maji ya bomba na mafuta ya alizeti, vijiko vinne vya chakula kila kimoja. Maji tieni rangi ya chakula au juisi ya choya iliyochujwa. Msichote maji ya ufukweni mwa Ziwa Victoria, watoto wataingia majini na huko kuna kichocho.

Asali hutangulia, katikati ya glasi, bila kugusa kuta. Isubirini itulie. Kisha inamisheni glasi kidogo na kumimina maji taratibu juu ya mgongo wa kijiko kinachogusa ukuta wa ndani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: maji yakidondoka kwa nguvu huchimba asali, na kwa kuwa asali huyeyuka katika maji, mpaka unakuwa ukungu na hautengani tena. Mafuta, yanayomiminwa mwisho, hayana shida hiyo. Hata mkikosea mpangilio, yaacheni dakika chache yatapanda yenyewe. Rangi nayo itieni kwenye maji kabla ya kumimina. Tone lake likiangukia mafuta hubaki kijipira, kwa sababu ni la maji, kisha huzama.

Sasa dondosheni punje kavu ya mahindi. Itapita mafuta, itapita maji, na kukaa juu ya asali. Kisha kokoto ndogo kuliko punje hiyo. Mwanza hazikosekani, mji wenyewe umekaa juu ya miamba ya matale. Kokoto itazama hadi kwenye kitako cha glasi, polepole ikipita kwenye asali, kwa sababu densiti yake ni zaidi ya gramu 2.5 kwa mililita. Ndogo imezidi kubwa kwenda chini. Mwacheni mtoto aliseme hilo mwenyewe kabla hamjamweleza.

Densiti ya maji hubadilika pia. Yai bichi, bado jipya, huzama kwenye glasi ya maji ya bomba. Koroga vijiko viwili vya chakula vya chumvi katika mililita 250 na litaelea. Likikaidi, ongeza cha tatu. Yai lililokaa siku nyingi halifai, maana hewa ndani yake imeongezeka na linaweza kuelea hata bila chumvi. Kwa sababu hiyohiyo ya chumvi, meli yenye shehena ileile huzama kidogo zaidi kwenye maji yasiyo na chumvi ya Ziwa Victoria kuliko kwenye bahari ya Dar es Salaam.

Mkitaka yai lisimame katikati, jazeni nusu glasi kwa maji ya chumvi, wekeni yai, kisha mimineni maji matupu kwa mgongo wa kijiko. Litaning'inia pale maji mawili yanapokutana, na lisipoguswa hukaa hapo kwa saa kadhaa.