Wabudha hawaamini kwamba roho huhama mwili

Tumezoea kusikia kwamba Wahindu na Wabudha wana imani moja: mtu akifa, roho yake huhamia mwili mwingine. Kwa Wahindu, hilo liko karibu na ukweli. Wanaamini kuna atman, nafsi isiyozaliwa wala kufa, na karma, yaani matendo ya mtu na matokeo yake, ndiyo huamua itaingia mwili gani tena.

Ubudha hapo hushika njia yake. Buddha alifundisha kwamba hakuna nafsi ya kudumu. Mtu ni mkusanyiko wa mambo matano yanayobadilika kila wakati: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia na fahamu. Basi ni nani anayezaliwa upya? Katika mazungumzo mashuhuri, Mfalme Milinda alimuuliza mtawa Nagasena swali la namna hiyo. Nagasena akamtolea mfano wa taa inayowashwa kwa taa nyingine: hakuna kilichohama, ila moto wa pili umetokana na wa kwanza. Naliona jibu hilo zuri sana, nalo hupotea kabisa tunapozichanganya dini hizi.

Tena, kuzaliwa upya si zawadi. Lengo kuu la Wahindu ni moksha, la Wabudha ni nirvana. Yote mawili ni kutoka kwenye mzunguko wa kufa na kuzaliwa upya.