Hiyo si dhahabu, kijana: sarafu za kuchovywa na makosa halisi ya kiwandani

"Mzee, hebu niangalizie hii."

Kijana alimwaga chenji yote ya mfukoni juu ya meza yangu, kisha akaisukuma mbele sarafu moja kwa ncha ya kidole, kama anayeogopa kuichubua. Ilikuwa robo dola ya Marekani, lakini ya njano, inayong'aa kama pete ya harusi. Alishaamini kwamba kuna mtu kiwandani alisinzia akatia dhahabu kwenye mashine.

Sikuitazama. Niliiweka kwenye mizani. Watu wengi hukimbilia lenzi, nami nimejifunza kuanza na mizani, kwa sababu jicho likishapenda kitu halisikii tena. Robo dola za matumizi ya kila siku zilizotengenezwa tangu 1965 zina gramu 5.67. Hii ilisoma 5.65, upungufu wa kawaida wa sarafu iliyopita mikononi mwa wengi. Ingekuwa dhahabu tupu kwa ukubwa uleule, ingepita gramu 12. Na ukoko wa dhahabu wenye unene wa sehemu ya elfu kumi ya milimita, unaotosha kabisa kulidanganya jicho, huongeza miligramu mbili hivi, kiasi ambacho mizani ya mfukoni haikioni. Mizani ilikuwa imeshanipa jibu: ndani ni robo dola ileile ya kawaida.

Hapo ndipo nikachukua lenzi. Juu ya shavu la Washington, rais ambaye sura yake iko upande wa mbele, kulikuwa na mkwaruzo wa zamani, na chini kabisa ya mkwaruzo ule kulikuwa na rangi ya njano. Ukielewa alama hiyo moja umeelewa nusu ya kazi hii. Mkwaruzo hupatikana mitaani, na kama rangi imelala ndani yake, basi rangi ilikuja baada ya mkwaruzo. Sarafu ilitoka kiwandani, ikatumika, ikachakaa, kisha mtu akaichovya. Wapo wanaozichovya na kuziuza kama ukumbusho, na hakuna kosa. Kosa huanza pale mnunuzi wa tatu anapoambiwa ni adimu.

Mchezo huu una miaka. Mwaka 1883 Marekani ilitoa sarafu mpya ya senti tano ambayo upande mmoja iliandikwa V tu, namba ya Kirumi ya tano, bila neno la senti. Ukubwa wake ulikaribiana na wa sarafu ya dhahabu ya dola tano. Matapeli hawakuhitaji kuelezwa mara mbili: walizichovya dhahabu na kuzipitisha kama dola tano, hadi neno CENTS likaongezwa mwaka uleule.

Si kila sarafu yenye ukoko imeguswa na mtu wa nje. Viwanda vyenyewe hupaka. Peni moja na peni mbili za Uingereza zilikuwa shaba hadi 1992, kisha zikawa chuma kilichopakwa shaba; peni moja haikubadilika uzito, gramu 3.56 zilezile, kwa hiyo hapa mizani haikusaidii na sumaku inakusaidia. Senti 1, 2 na 5 za euro nazo ni chuma ndani. Tofauti ni wakati. Kiwanda hupaka kisahani, yaani kipande cha metali ambacho bado hakijagongwa nakshi, kikiwa kitupu, halafu ndipo kinagonga, hivyo ukoko na nakshi hubanwa pamoja, na herufi hutoka na pembe kali. Anayechovya baadaye humwaga ukoko juu ya nakshi iliyokwisha kuchakaa, na ukoko ukiwa mnene kidogo hujaza kona za herufi zikaonekana kama zimepakwa siagi.

Senti ya Marekani ndiyo inayoniletea maswali mengi zaidi. Mwaka 1982 ilihama kutoka shaba, gramu 3.11, kwenda zinki iliyopakwa shaba, gramu 2.5. Mtu akiniletea senti ya kijivu, nauliza uzito kabla sijauliza mwaka. Ikiwa ya kijivu na ina gramu 3.1, ni senti ya shaba iliyopakwa kitu baadaye, mara nyingi ni jaribio lile la darasa la kemia ambapo senti huchemshwa na zinki hadi ikawa nyeupe, kisha ikipitishwa juu ya moto hugeuka njano. Ikiwa na 2.5, huenda ukoko wa shaba ulisahauliwa kiwandani, lakini huenda pia uliliwa na asidi. Asidi haichagui: hula na herufi, zikabaki nyembamba, uso ukawa na vinyweleo kama ganda la chungwa. Vile vipele vidogo kwenye senti za zinki, hewa iliyonaswa chini ya ukoko, usivitunze. Viko kila mahali.

Na usiseme una senti ya shaba ya 1943 kabla hujaikaribia sumaku. Mwaka huo, kwa sababu shaba ilihitajika vitani, senti zilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, na ni chache mno zilizoponyoka zikagongwa kwenye shaba. Za kughushi zimejaa. Nyingi ni zile za chuma zilizochovywa shaba, nazo hurukia sumaku. Za kijanja zaidi ni senti za 1948 ambazo 8 imekwanguliwa upande wa kushoto ikawa 3. Hizo ni shaba kweli na sumaku hazijali, ila mkia wa 3 halisi ya 1943 hushuka chini ya tarakimu nyingine, na 8 iliyokwanguliwa haina mkia wa kushusha.

Kuhusu makosa yenyewe, swali langu ni moja tu: hili lingetokeaje kiwandani? Sarafu ina safari fupi. Ukanda wa metali hukatwa visahani, kisahani huinuliwa ukingo, kisha hulala ndani ya pete katikati ya mihuri miwili, yaani vyuma vyenye nakshi ya mbele na ya nyuma, na kugongwa. Kama huwezi kunionyesha ni hatua ipi iliyokwenda kombo, unanionyesha jeraha tu.

Chukua robo dola yenye upande mmoja wa rangi ya shaba. Ni sarafu ya tabaka tatu, shaba katikati na aloi ya shaba na nikeli nje. Tabaka moja la nje likibanduka kabla ya kugongwa, sarafu hupungua karibu moja ya sita ya uzito, iwe gramu 4.7 hivi. Ikiwa bado ina 5.6, hiyo ni kutu ya udongoni au rangi.

Herufi zinazoonekana mbilimbili huwatesa watu zaidi. Senti maarufu ya 1955 ya Marekani, ambayo zaidi ya 20,000 ziliingia mitaani, ilitokana na muhuri ambao wenyewe ulikandamizwa mara mbili bila kulingana, kwa hiyo kila sarafu iliyotoka chini yake ilibeba tarehe mbili zilizoinuka sawasawa, na ncha za herufi zimegawanyika. Uradufu wa kawaida ni muhuri uliotikisika wakati wa kugonga: kivuli tambarare, kama ngazi iliyokanyagwa, na herufi hupungua unene badala ya kuongezeka. Wa kwanza hutafutwa. Wa pili ninarudisha kwenye chenji bila huruma.

Herufi zilizozama na kusomeka kinyume, mara nyingi ni sarafu mbili zilizobanwa pamoja kwenye jiliwa, kile kibanio cha fundi; tafuta nakshi ya asili iliyolala chini yake ikiwa imebondeka. Sarafu yenye kichwa pande zote mbili ni kifaa cha mazingaombwe, imechimbwa kwa kerezo, mashine ya kuchonga vitu vya mviringo, na nyingine ikapachikwa ndani. Mshono uko pembeni ya ukingo, ndani, pitisha ukucha utauhisi. Na kabla hujashangilia sarafu ambayo ukiigeuza nakshi ya nyuma inaonekana kichwa chini, kumbuka kuwa sarafu za Marekani hupinduliwa juu chini, za Uingereza na za euro kushoto kulia. Nimewahi kuletewa kopo zima la "makosa" ambayo yalikuwa peni za kawaida.

Makosa mengine hayahitaji hata lenzi. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha nakshi na kuhamisha tarehe ya peni 20 kutoka nyuma kwenda mbele. Muhuri wa mbele wa zamani ukaoanishwa na wa nyuma mpya, zikatoka sarafu zisizo na mwaka popote.

Turudi mezani. Kijana alikuwa amekata tamaa na robo dola yake, anakusanya chenji. Katikati ya rundo niliona senti ya shaba iliyokosa kipande pembeni, mfano wa tunda lililong'atwa. Hapo lazima nikiri: nilipoanza, nilinunua moja kama hiyo na kuitunza miaka mingi kama hazina, hadi siku nilipoangalia ukingo wa upande wa pili na kuukuta mkali na kamili. Ilikuwa imekatwa na mtu. Kisahani kilichokatwa vibaya kiwandani hakina metali ya kutosha pale kilipong'atwa, kwa hiyo kikiinuliwa ukingo, upande unaokabiliana nao haubanwi vizuri, na ukingo huko hufifia. Wataalamu wanakiita kigezo hicho kwa jina la Blakesley.

Niliigeuza senti ile. Upande wa pili, ukingo ulikuwa umefifia kabisa, kama uliopanguswa kwa kidole. Mizani: 2.9. Herufi karibu na pengo zilikuwa zimevutwa kulielekea, metali imetiririka wakati wa kugongwa, jambo ambalo msumeno hauwezi kulifanya.

"Hii ndiyo usiitumie," nikamwambia.

Akauliza kama aisugue kwanza kwa dawa ya meno ili ipendeze. Nikanyoosha mkono haraka nikaichukua.