Maana ya usimulizi wa vipande katika riwaya ya Meksiko

Usimulizi wa vipande ni ule ambao kisa hakielezwi kwa mfululizo, bali hukatwakatwa katika sehemu fupi zinazoruka wakati na kubadilisha msemaji bila kumwarifu msomaji. Katika riwaya ya Meksiko ya karne ya 20 mbinu hii imefungamana na nafasi za watu katika jamii, kwa kuwa kila mhusika anajua tu kile ambacho cheo, jinsia au ufukara wake unamruhusu kukijua.

Mfano ulio wazi zaidi ni Pedro Páramo ya Juan Rulfo, iliyotoka mwaka 1955. Juan Preciado anafika kijiji cha Comala kumtafuta baba yake, Pedro Páramo, kabaila aliyehodhi ardhi ya pale, na ni katikati ya kitabu tunapogundua kwamba anasimulia akiwa kaburini, akizungumza na Dorotea, mwanamke fukara aliyezikwa pamoja naye. Msomaji hulazimika kuziunganisha mwenyewe sauti za marehemu ili aone jinsi ukabaila ulivyofanya kazi. Kipande kimoja kinaonyesha kabaila akimposa Dolores, mama yake Juan wa baadaye, kupitia msimamizi wake, ili afute deni alilodaiwa na familia ya binti huyo. Katika kingine, Padri Rentería anakataa kumbariki marehemu Miguel, mwana wa kabaila, kwa kuwa Miguel anasemekana kumuua ndugu wa padri huyo. Kabaila anaacha sarafu za dhahabu kanisani, na padri anazichukua, kisha analia. Hakuna msimulizi mkuu anayetangaza kwamba kanisa limenunuliwa, na kwa maoni yangu nguvu ya riwaya imo humo.

Carlos Fuentes, katika riwaya yake ya mwaka 1962, alimgawa mtu mmoja: Artemio Cruz, mwanamapinduzi aliyegeuka tajiri, anasimuliwa kwa "mimi", "wewe" na "yeye" akiwa kitandani anakufa.

Rosario Castellanos alikuwa ametangulia mwaka 1957 kwa Balún Canán, riwaya ya Chiapas, jimbo la kusini mwa Meksiko, ambayo ningependa isomwe zaidi. Sehemu ya kwanza na ya tatu zinasimuliwa na msichana wa miaka saba asiyetajwa jina, ilhali mdogo wake Mario anatajwa kwa sababu ndiye mrithi. Sehemu ya kati, ambamo wakulima wa asili wanadai haki zao shambani kwa familia hiyo, inasimuliwa kwa nafsi ya tatu, kwani mambo ya ardhi na watu wazima hayakuwa ya mtoto wa kike kuyasemea.