Wamuuze Marner? Hesabu za siku ya mwisho ya mabadilishano katika hoki

Ijumaa ya Machi 7, 2025, siku ya mwisho ya timu za hoki kubadilishana wachezaji, nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi huku Scarborough, mashariki mwa Toronto, nimenyolewa upande mmoja. Simu yake ikalia, ikalia tena, naye akaweka mashine chini. Kinyozi wangu ni mzee wa Tanga aliyeingia Kanada akiwa shabiki wa Coastal Union, na baridi ikamgeuza kuwa shabiki wa hoki ya barafuni. Toronto Maple Leafs walikuwa wamemchukua beki Brandon Carlo kutoka Boston na mshambuliaji Scott Laughton kutoka Philadelphia.

"Raundi ya kwanza mbili!" akasema. "Kwa beki na mtu wa mstari wa tatu! Si wangemuuza Marner tu, mwanangu?" Marner alikuwa mshambuliaji nyota wa Toronto; mstari wa tatu ni kundi la tatu la washambuliaji wanaopokezana barafuni.

Kazi yangu ni uhasibu wa mikataba. Sijawahi kuteleza barafuni bila kushika ukuta, lakini kila ifikapo siku hii watu huniuliza mimi, maana ubishi wote wa mashabiki, ukiumenya, ndani yake unakuta daftari. Nilimjibu mzee pale pale, kichwa nusu. Hapa namjibu kwa nafasi zaidi.

Tuanze na neno "kumuuza". Sisi tuliolelewa na dirisha la usajili la mpira wa miguu tunafikiria ada: klabu inalipa, mchezaji anahama. Katika NHL, ligi ya Marekani na Kanada, huwezi kununua mchezaji kwa ada. Unatoa mchezaji, au haki ya kuchagua chipukizi kwenye drafti za miaka ijayo, na haki ya raundi ya kwanza ndiyo noti kubwa kuliko zote. Kwa Carlo, Toronto walitoa kijana Fraser Minten, nafasi yao ya raundi ya kwanza ya 2026 (ikiangukia katika tano za juu inabaki kwao) na moja ya raundi ya nne ya 2025. Kwa Laughton walitoa Nikita Grebenkin na raundi ya kwanza ya 2027, nayo ina masharti yake. Mwaka huo mlango ulifungwa saa tisa alasiri kwa saa za Toronto, yaani saa tano usiku kwa Dar na Nairobi. Mchezaji anayebadilishwa baada ya hapo haruhusiwi kuichezea timu mpya msimu huo.

Sasa kikomo cha mishahara. Msimu wa 2024-25 kila timu ilikuwa na kikomo cha dola milioni 88. Toronto walikuwa wamewapa wachezaji wanne zaidi ya nusu ya fungu hilo: Auston Matthews milioni 13.25, William Nylander 11.5, John Tavares 11, Mitch Marner 10.9. Jumlisha mwenyewe, unakaribia milioni 47. Waliobaki kwenye kikosi cha watu 23 wanagawana kilichobaki.

Hapa ndipo mashabiki wengi hupotea, na siwalaumu, kwa sababu kikomo hakihesabiwi kwa mwaka. Kinahesabiwa kwa siku. Msimu ule ulikuwa na siku 192, na kufikia Machi 7 zilikuwa zimebaki 42. Chukua timu iliyobakiza dola milioni 1 tangu siku ya kwanza na haikuigusa. Akiba ile haiozi. Siku ya mwisho ya mabadilishano timu hiyo inaweza kumbeba mchezaji mwenye mkataba wa kama milioni 4 na nusu kwa mwaka, kwa sababu itamlipia siku 42 tu, na mshahara wa siku 42 wa mtu huyo ni karibu milioni 1. Kwa hiyo ukiona meneja amekaa kimya Novemba huku mashabiki wakimwita mzembe, huenda anajaza kibubu.

Kuna na njia ya pili: timu inayotoa mchezaji inaweza kuendelea kubeba sehemu ya mshahara wake, mwisho nusu. Philadelphia walibaki na nusu ya milioni 3 za Laughton. Boston walibaki na asilimia 15 ya milioni 4.1 za Carlo. Hisani hiyo hailipwi kwa asante. Bei yake imo ndani ya zile raundi za kwanza alizokuwa akizililia mzee.

"Sawa," akasema, mashine mkononi, haijawashwa. "Na Marner?"

Marner alikuwa na kipengele kwenye mkataba kinachomzuia meneja kumhamisha bila ridhaa yake. Wote wanne walikuwa nacho. Wiki ile ziliripotiwa habari kwamba Toronto walitaka kumpeleka Carolina katika mpango wa kumpata Mikko Rantanen, na Marner akakataa. Ni haki yake. Waliitia wenyewe kwenye mkataba walipomsainisha. Rantanen akaenda Dallas siku hiyo hiyo na kusaini miaka minane kwa dola milioni 96. Miezi minne baadaye Marner akaondoka kwa ridhaa yake, akaenda Vegas kwa miaka minane na milioni 96 zile zile, na Toronto wakaambulia Nicolas Roy. Kwa hiyo anayesema "wamuuze" alikuwa na hoja. Ila hoja hiyo ilifaa kusemwa kabla ya Julai 1, 2023, siku kipengele kile kilipoanza kufanya kazi.

Kuhusu Carlo nilimtetea meneja, na bado namtetea. Beki mrefu wa mkono wa kulia, mkataba hadi 2027, si mchezaji wa kukodi wa miezi mitatu. Laughton sikumkubali. Mwanamume anajituma, sikatai, lakini raundi ya kwanza kwa mtu wa kazi ngumu za mstari wa tatu ni kununua jembe kwa bei ya trekta. Mzee yeye alikuwa kinyume changu kabisa: Laughton amekulia jirani na Toronto, ana moyo, anafaa, Carlo ni mzito. Tulibishana hadi mteja aliyefuata akaanza kukohoa.

Ila mabadilishano yaliyotuumiza hayakuwa ya Toronto hata kidogo. Siku ile ile Boston, waliokuwa wanabomoa kikosi, walimtoa nahodha wao Brad Marchand kwenda Florida, akiwa majeruhi, kwa nafasi moja tu ya raundi ya pili. Watu walicheka. Florida wangempachika wapi mtu mwingine wa mshahara mkubwa, wakati siku chache nyuma walikuwa wamemchukua Seth Jones kutoka Chicago? Jibu lilikuwa kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu. Matthew Tkachuk, milioni 9.5 kwa mwaka, alikuwa ameumia Februari, na mchezaji akiwekwa kwenye orodha hiyo timu inaruhusiwa kuvuka kikomo kufidia pengo lake. Kwenye mtoano, wakati huo, kikomo hakikuhesabiwa. Tkachuk akarudi mechi ya kwanza ya mtoano, na wote watatu wakacheza pamoja.

Si wizi. Tampa walifanya hivyo mwaka 2021 na Nikita Kucherov, aliyekosa msimu mzima wa kawaida kwa upasuaji wa nyonga, akarudi kwenye mtoano na kupata pointi 32, yaani mabao na pasi za mabao. Kwenye sherehe za ubingwa alivaa fulana iliyotangaza kwamba wamevuka kikomo kwa milioni 18. Kuanzia msimu wa 2025-26 ligi imeziba tundu hilo: kikosi kinachoshuka uwanjani kwenye mtoano nacho kina kikomo.

Kwa Toronto dawa ilichelewa. Walikutana na Florida raundi ya pili, wakashinda mbili za mwanzo, na mechi ya tatu ikaenda muda wa nyongeza. Aliyefunga ni Marchand. Mei 18, mechi ya saba na ya mwisho ya raundi hiyo, nyumbani, wakafungwa 6-1. Marchand bao moja na pasi mbili. Huyu alishawatoa katika mechi ya saba mara nne akiwa na Boston: 2013, 2018, 2019 na 2024.

Jumamosi iliyofuata nilienda kunyoa. Nilikuwa nimesoma masharti ya yale mabadilishano ya Marchand, nikamweleza mzee kitu ambacho hakuwa nacho. Ile raundi ya pili waliyopewa Boston ilikuwa na kipengele: Florida wakishinda raundi mbili za mtoano na Marchand akacheza angalau nusu ya mechi, inapanda kuwa raundi ya kwanza. Raundi ya pili ya mtoano ilikuwa dhidi yetu.

Akanitazama kwenye kioo.

"Kwa hiyo Boston wamechukua raundi ya kwanza kwetu kwa Carlo, halafu sisi tukifungwa wanachukua na ya Florida?"

"Ndiyo, mzee."

Akawasha mashine. "Inamisha kichwa."