Je, wajua kwa nini pikapu ya zamani humaliza maji ya rejeta bila tone kuonekana chini?

Chukua Toyota Hilux ya dizeli ya miaka ya 1990, ambayo bado inabeba ndizi na matofali huko Mbeya. Kila asubuhi dereva anafungua rejeta, maji yamepungua, anaongeza. Chini ya gari pakavu kabisa. Maji yamekwenda wapi?

Anza na mfuniko wa rejeta, kifaa cha bei ndogo kinachodharauliwa kuliko vyote. Kazi yake si kuziba tu. Ndani una springi inayoyabana maji kwa mgandamizo wa bar 0.9 hivi, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Springi ikichoka, kinga hiyo haipo tena. Mbeya au Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 95 au chini kidogo, na injini yenye mzigo mlimani hufika huko upesi. Maji yanakimbilia kwenye kopo la akiba, kopo linafurika njiani, na dereva haoni kitu.

Mfuniko huohuo una vali ndogo inayoyarudisha maji kutoka kwenye kopo injini inapopoa. Ukikuta asubuhi mpira wa juu wa rejeta umebonyea bapa, huenda vali hiyo imekwama, au kibomba cha kwenda kwenye kopo kimeziba.

Mfuniko ukiwa mzima, tafuta michirizi. Uvujaji mdogo hukauka juu ya chuma cha moto kabla haujafika chini, lakini huacha alama: kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, huacha ukoko wa rangi yake, maji ya bomba huacha chumvi nyeupe na kutu. Mulika tochi chini ya pampu ya maji. Pana kitundu kilichotobolewa makusudi kiwandani, ili sili (kizuia maji cha pampu) ikichakaa maji yatokee hapo badala ya kuharibu beringi. Gari lenye hita, papasa pia zulia la upande wa abiria, maana maji ya hita huweza kuvujia hapo.

Nje kukiwa hakuna kitu, ndipo uishuku gasketi ya hedi, kizibo bapa kilicho kati ya bloku ya injini na hedi, yaani kipande cha juu kinachofunika silinda. Injini hizi za dizeli huibana hewa zaidi ya mara 20, kwa hiyo penye ufa mdogo gesi ya mlipuko hupenya kwenye njia za maji na kuyasukuma nje kupitia mfuniko. Washa injini ikiwa ya baridi, mfuniko ukiwa wazi, utazame mdomo wa rejeta. Mapovu machache ya mwanzoni ni hewa tu. Yakiendelea bila kukoma, kuna tatizo. Ukiufunga mfuniko na mpira wa juu ukawa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, maji yakiwa bado baridi, hiyo si nguvu ya joto, ni gesi. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ni dalili nyingine, ila oili safi haimaanishi gasketi ni nzima; ufa unaweza kuwa kati ya silinda na maji peke yake.

Kwa hiyo usikubali hedi ifunguliwe kabla fundi hajafunga pampu ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa imepoa, na kujaza hewa mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye mfuniko. Mshale wa geji ya pampu ukishuka na nje kukavuja, umepata pa kutengeneza. Ukishuka na nje kukawa kukavu, maji yanaingia ndani ya injini.

Na themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, isitolewe kwa kisingizio kwamba gari linachemsha. Ikitoka, injini haifikii joto lake la kazi, mafuta yanaliwa zaidi, na maji yanaendelea kupotea palepale yalipokuwa yakipotelea.