Uzito Umegoma Kushuka: Maswali na Majibu

Miezi ya kwanza nguo zililegea, mizani ikawa inashuka karibu kila wiki, na watu wakaanza kukuuliza unafanya nini. Kisha ikasimama. Unakula vilevile, unatembea vilevile, lakini namba haisogei. Wengi huacha kila kitu hapa, na mara nyingi si kwa uvivu bali kwa sababu hakuna aliyewaeleza kinachoendelea.

Mwanzoni nilipungua haraka. Mbona sasa hakuna kitu?

Kilo za mwanzo hazikuwa mafuta matupu. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hushika gramu kama 3 za maji. Ukipunguza chakula, akiba hutumika, maji hutoka, na mizani hushuka kwa kasi ya kufurahisha. Mafuta hayana haraka hiyo. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700, hivyo anayepunguza kalori 500 kwa siku atahitaji siku 15 hivi kuimaliza, na hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi tu.

Mwilini hesabu hubadilika njiani. Mtu wa kilo 95 akifika 85, hata kupanda ngazi kunamgharimu nishati kidogo kuliko zamani, kwa kuwa mzigo umepungua. Chakula kilichokuwa kinampunguza sasa kinamtosha. Juu ya hayo, mwili wenyewe hubana matumizi. Seli za mafuta hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, njaa hupanda, na bila kujua unaanza kukaa zaidi na kujongea kidogo.

Kwa hiyo mwili wangu umeharibika? Nasikia ukila kidogo sana mwili unakataa kabisa kupungua.

Haujaharibika, na hilo la kukataa kabisa si kweli. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri walijitolea kula takribani nusu ya chakula chao cha kawaida kwa wiki 24, ili madaktari wajifunze jinsi ya kuwahudumia watu walioathiriwa na njaa ya vita. Miili yao ilibana matumizi sana, lakini iliendelea kupungua hadi karibu robo ya uzito. Baadhi yao walivimba miguu kwa maji, na maji hayo yakaficha upungufu kwenye mizani.

Kinachonigusa zaidi ni jambo jingine. Vijana hao walianza kuota chakula na kusoma vitabu vya mapishi kana kwamba ni riwaya. Basi ukijikuta unawaza chakula kutwa, usijihukumu kwamba huna msimamo. Ndiyo maana sishauri mtu aliyekwama akate chakula zaidi kwa hasira: njaa huongezeka, na siku ikimshinda hulipa kwa wingi.

Lakini mimi nakula kidogo, naapa.

Nakuamini kwamba ndivyo unavyoona. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliwapima watu waliosema hawapungui ingawa wanakula kalori chini ya 1,200 kwa siku. Ilionekana wanakula karibu mara mbili ya walichoripoti, na mazoezi waliyahesabu kwa kuzidisha. Hawakuwa waongo. Ndivyo kumbukumbu ya chakula ilivyo.

Angalia mkono wako jikoni. Mwezi wa kwanza ulipima mafuta kwa kijiko. Sasa unamimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori kama 120, na mmimino wa haraka unaweza kuwa vijiko vitatu. Kuna kuonja unapopika, kumalizia sahani ya mtoto, na vinywaji vyenye sukari ambavyo hakuna anayevihesabu kama chakula. Kwa wiki moja tu, pamoja na Jumamosi na Jumapili, andika kila kitu kabla hujakimeza. Ukingoja jioni utaandika unachokikumbuka.

Nijipime kila siku, au nitupe mizani?

Uzito hupanda na kushuka kilo 1 hadi 2 kwa sababu ya chumvi, hedhi, choo kigumu, au mazoezi mapya yanayofanya misuli ishike maji. Ukijipima kila siku, fanya hivyo asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya kula, kisha linganisha wastani wa wiki kwa wiki. Namba ikikuharibia siku nzima, pima mara moja kwa wiki. Tumia pia futikamba, ile ya fundi cherehani: izungushe katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, toa pumzi kwa kawaida, usome. Kiuno kinaweza kupungua huku kilo zimesimama.

Motisha imeisha kabisa. Nafanyaje?

Usiisubiri irudi ndipo uanze. Motisha ya mwanzo ililishwa na mizani, na sasa mizani hailishi mtu. Weka malengo ambayo yako mikononi mwako: kutembea mara tano wiki hii, kulala angalau saa 7, kupakua chakula mara moja tu kwa mlo bila kuongeza. Panga pia kiwango cha siku mbaya, hata dakika 10 za kutembea, ili siku moja iliyoharibika isigeuke wiki.

Tena angalia ulichokwisha kupata. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walipewa lengo la kupunguza angalau asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata ugonjwa ilishuka kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 100, lengo hilo ni kilo 7 tu. Kama umechoka, kaa kwenye uzito huu miezi miwili bila kujaribu kupungua. Kutorudi nyuma ni kazi, na kwa maoni yangu ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Niongeze mazoezi?

Ukiweza, ongeza ya nguvu, siku 2 kwa wiki: kuchuchumaa, kupiga pushapu, kunyanyua vizito. Husaidia kulinda misuli isipotee pamoja na mafuta.

Ni wakati gani nimwone daktari?

Kama umefuatilia kwa makini miezi miwili au mitatu na hakuna kinachobadilika, au kama unaongezeka bila sababu. Muone pia ukiwa na uchovu usioisha, kuhisi baridi kupita wenzako na kufunga choo, maana huenda tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayoratibu matumizi ya nishati mwilini, inafanya kazi pungufu. Beba orodha ya dawa zako zote: steroidi, insulini na baadhi ya dawa za kifafa na sonona huongeza uzito. Usiache dawa yoyote mwenyewe. Muulize kama kuna mbadala.