Likizo Peke Yake Haimrudishii Daktari Hamu ya Kazi

Zipo dalili za daktari kuchoshwa na kazi ambazo mwenyewe huzioni; wanaziona wenzako wa zamu. Mgonjwa hana jina tena, ni "yule wa kitanda cha sita". Bibi aliyevuka kutoka Ukerewe anakusalimu "mwangaluka", nawe umeinamia faili, huitikii. Swali la ndugu wa mgonjwa ambalo zamani ungelijibu kwa subira, leo linakukera. Umelala usiku kucha, umeamka umechoka vilevile.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa namna hii katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa, lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa. Nguvu zinaisha, moyo unajitenga na kazi, na unajiona hufanikishi chochote. Hilo la kujitenga ndilo linalotutia hofu zaidi sisi wa afya ya akili, kwa sababu anayeumia ni mgonjwa. Ila kama huzuni inakufuata hadi nyumbani, au unawaza kujidhuru, hiyo inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali. Tafuta tiba leo, usisubiri zamu iishe.

Ushauri wa kwanza utakaopewa ni likizo. Ichukue, ni haki yako. Lakini ukirudi Mwanza ukakuta ratiba ileile na foleni ileile, haichukui muda utakuwa pale ulipokuwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu madaktari wa hospitali ya kufundishia Marekani uliangalia jambo jingine: muda wanaotumia kwa kazi wanayoiona ina maana kuliko zote. Kati ya waliofikisha angalau asilimia 20 ya muda wao, sawa na siku moja katika wiki ya siku tano, waliochoka namna hii walikuwa kama asilimia 30. Kwa wasiofikisha, ilikuwa kama 54. Siku moja tu! Kwa huku kwetu Kanda ya Ziwa, daktari anayependa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, asiondolewe kwenye kliniki yao kila wodi nyingine inapopungukiwa mtu. Anayependa kufundisha aachiwe asubuhi yake na wanafunzi.

Jingine ni mazungumzo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, madaktari wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walikutana kwa vikundi vidogo, saa moja kila baada ya wiki mbili, kwa miezi tisa. Ari ya kazi ilipanda, na tabia ya kumwona mgonjwa kama kitu ilipungua. Msongo wenyewe haukupungua kwa tofauti ya maana, na ni vizuri tuseme hivyo.

Saa hiyo ilitolewa ndani ya muda wa kazi. Waganga wafawidhi na matroni wakitaka kuiga, waiandike kwenye ratiba pamoja na jina la atakayeshika wodi. Kikao cha kuitwa baada ya zamu ya usiku, mtu anasinzia kwenye kiti huku daladala zikimpita, kitamchosha zaidi.